Pai ya epo za vuli kwa resipe ya zamani ya familia: mwongozo kamili, kuanzia kuchagua epo mpaka kuikata

Mwezi wa tisa ukishaingia hapa Uingereza watu wanaanza kuweka maboksi ya epo nje ya geti, wamebandika karatasi imeandikwa chukua bure, manake mti mmoja mkubwa ukizaa vizuri familia haiwezi kuzimaliza hata wakila asubuhi na jioni. Hizo ndo nazotumia kwenye hii pai. Resipe ni ya bibi yake mume wangu, mtu wa Nottinghamshire, na ukiisoma kama ilivyo kwenye daftari haimalizi hata nusu ukurasa: unga wakia 12, mafuta nusu yake, epo ratili 2, sukari ya kutosha, karafuu 2, oka kwenye oveni kali mpaka iive. Basi.

Ndo walivyokuwa wakiandika wazee, kile wanachoogopa kukisahau tu, vile ambavyo mikono yao imeshavizoea hawakuona haja ya kuviandika. Kwahiyo mtu anafuata daftari neno kwa neno alafu anapata pai imelowa chini, juu imepasuka, ndani supu, anasema resipe mbovu. Resipe haina tatizo, ila nusu yake haijaandikwa, na hiyo nusu ndo naiandika hapa.

Vipimo kwanza

Kama na wewe una daftari la mkwe au la bibi, geuza vipimo kabla hujagusa unga. Wakia moja ni gramu 28, ratili moja ni gramu 454. Painti ya Kiingereza ni mililita 568, ya Marekani ni 473, ukizichanganya umekwisha. Resipe ikisema kikombe na imetoka Marekani ujue ni mililita 240, sio kikombe chochote cha chai utakachokikuta kabatini.

Moto nao wazee wanauandika kwa namba za jiko la gesi. Namba 4 ni nyuzi 180 za Selsiasi, namba 5 ni 190, namba 6 ni 200, namba 7 ni 220. "Oveni kali" ni hapo kwenye 6 au 7. Kama oveni yako ina feni ndani punguza nyuzi 20 kwenye kila namba nitakayoitaja, manake feni inasukuma joto na vitu vinaiva haraka zaidi.

Vitu vyenyewe nikishavigeuza, kwa sahani ya pai ya upana wa sentimita 23:

Unga wa ngano wa kawaida gramu 340, ule usio na beking pauda ndani
Siagi halisi ya baridi gramu 170
Chumvi nusu kijiko cha chai, sukari kijiko kimoja kikubwa (hii ya kwenye unga)
Maji ya barafu vijiko vikubwa 5 mpaka 6
Epo kama gramu 900 kabla ya kumenya
Sukari gramu 120, uwe na akiba pembeni
Limau nusu
Wanga wa mahindi kijiko kimoja kikubwa, ule mweupe laini, sio sembe
Karafuu 2, mdalasini nusu kijiko cha chai
Yai moja la kupaka juu
Chenga za mkate mkavu kijiko kimoja na nusu

Daftarini yale mafuta ni nusu siagi nusu mafuta ya nguruwe, ndo ilivyokuwa kwa Waingereza wengi wa zamani. Kwetu hayaingii jikoni kwahiyo natumia siagi tupu. Ukitaka ule ulaini wa kuvunjikavunjika ambao mafuta ya nguruwe yanautoa, fanya siagi gramu 110 na mafuta ya mgando ya mboga gramu 60, yale meupe magumu. Ladha inabaki ya siagi na unga unakuwa mwepesi mdomoni.

Epo, hapa usiwe na haraka

Ukikosea unga utakula pai ngumu kidogo, ila ukikosea epo huna pai. Kuna epo zinazosimama kwenye moto, unapata vipande, na kuna zinazosambaratika zikawa uji. Daftari limesema "epo" tu kwasababu kwao kulikuwa na epo moja ya kupikia, Bramley, wala hakuna aliyeuliza ipi.

Bramley ina historia inayonichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Mwaka 1809 binti anaitwa Mary Ann Brailsford alipanda mbegu za epo kwenye bustani ya kwao Southwell, hapohapo Nottinghamshire. Mwaka 1846 nyumba ikanunuliwa na muuza nyama anaitwa Matthew Bramley, baadae mwenye kitalu Henry Merryweather akaja kuomba vipandikizi vya ule mti akauze, bwana Bramley akasema chukua ila epo ziitwe jina langu. Aliyepanda hakupata kitu!

Ni epo kubwa ya kijani, ukiing'ata mbichi uso unajikunja, ila ukiipika ule ukali unageuka ladha nzito ambayo epo tamu za kula haziwezi kuitoa. Shida yake ndo hiyo, ina asidi nyingi na ikipata moto inayeyuka yote. Kwahiyo nachanganya, theluthi mbili Bramley, theluthi moja Cox, ambayo ni ndogo, tamu, ina harufu nzuri na inabaki kipande. Bramley inakuwa mchuzi mzito, Cox ndo nyama.

Ulie Ujerumani au Uholanzi tafuta Boskoop, kali na nzuri sana kwa kuoka. Marekani Granny Smith ipo kila duka, na ukifika sokoni kwa wakulima msimu wa vuli ukaiona Northern Spy usiipite. McIntosh inalainika mno, itumie kwa kuchanganya tu. Red Delicious, ile nyekundu ya kung'aa, waachie watoto wabebe shule, kwenye oveni haina ladha wala umbo.

Huijui epo uliyonayo? Kata kipande kimoja, weka kwenye kisufuria na kijiko cha maji, funika, moto mdogo dakika 5 hivi. Kikiwa uji ni wa kundi la Bramley, kikibaki kipande laini ni wa kundi la Cox. Sasa kionje, kama hakina ukali kabisa ongeza limau na upunguze sukari. Hapa ndo unapata maana ya "sukari ya kutosha" ya bibi, hakuandika namba kwasababu kila mti na kila mwaka una utamu wake.

Epo zilizoanguka chini zenyewe ni nzuri tu, kata sehemu zenye doa na matundu ya wadudu, ila zitumie siku hiyohiyo au kesho yake. Ukikata ukakuta ukungu au harufu ya pombe tupa yote.

Unga

Wengi wetu tumekulia kwenye chapati, na chapati inataka ukande mpaka mkono uume, maji ya uvuguvugu, donge liwe laini linavutika. Pai inataka kinyume chake kabisa. Usikande, usipashe, kila kitu kiwe baridi. Ukikanda, unga unajenga ile nguvu ya kuvutika, kwenye oveni unajirudisha unasinyaa, na unatoka mgumu.

Kata siagi vipande vidogo vya kama sentimita moja, weka friza dakika 10. Bakuli la unga nalo liingie friji kama jiko lako lina joto. Changanya unga, chumvi na sukari, tupia siagi, alafu sugua kwa ncha za vidole tu, viganja visiguse manake viganja ndo vyenye joto. Unainua unga juu huku unasugua unauachia udondoke. Endelea mpaka uwe chengachenga lakini bado kuna vipande vya siagi vya ukubwa wa njegere. Usivimalize hivyo vipande! Ndo vitakavyoyeyuka kwenye oveni, maji yaliyomo kwenye siagi yatageuka mvuke yatenganishe matabaka, na hapo ndo unapata unga wa kuvunjika.

Sasa maji ya barafu, kijiko kimoja kimoja, unachanganya kwa kisu cha mezani sio mkono. Ukishafika vijiko vinne anza kupima, chota ukamate kwenye ngumi, ukishikana simama, ukimomonyoka ongeza nusu kijiko. Maji yakizidi unga utakuwa mtamu kuusukuma ila ukiiva utauma kama... basi, hautokuwa mzuri.

Ukusanye bila kukanda, gawa mafungu mawili, moja kubwa kidogo la chini, dogo la juu. Yabonyeze yawe bapa, yafunge kwenye nailoni ya chakula, friji saa nzima. Hii saa usiikate. Unga unapumzika, maji yanaenea, siagi inagandana tena. Ukiruka hii hatua utaona kwenye kusukuma, unavuta huku unarudi kule.

Kujaza

Wakati unga uko friji menya epo, kata robo, toa kiini na mbegu. Bramley ikate minene, sentimita moja na nusu, manake itayeyuka. Cox kata nyembamba, nusu sentimita. Kamulia limau juu ili zisiwe nyeusi, mwagia sukari, geuzageuza, acha nusu saa.

Ukirudi utakuta maji chini ya bakuli. Haya maji ndo yanayoharibu pai za watu, yangeingia kwenye pai yangeshuka chini na kuulowesha unga kabla haujaiva. Weka kung'uto juu ya kisufuria, mwaga epo zijichuje, alafu kachemshe ule mchuzi na zile karafuu 2 mpaka ubaki kama nusu na uwe mzito unaonata kwenye kijiko. Toa karafuu utupe. Kwenye daftari karafuu zinawekwa nzima katikati ya epo, na kila mwaka kuna mtu mezani anaing'ata, anabaki ameshika shavu. Ukizichemsha kwenye mchuzi harufu inabaki na shavu linapona. Karafuu 2 zinatosha, hata kama umetumiwa mfuko mzima kutoka Pemba jizuie, ikizidi pai inanuka dawa ya meno.

Acha mchuzi upoe, urudishe kwenye epo, ongeza wanga na mdalasini, changanya. Onja kipande. Kiwe kikali kidogo kuliko unavyopenda, unga na siagi vitakuja kupunguza.

Kujaza lazima kuwe kumepoa kabisa. Ukimwaga cha moto kwenye unga wa baridi siagi inayeyuka palepale na kazi yote ya barafu imekwenda bure.

Kupanga

Weka sinia zito la chuma kwenye oveni, washa nyuzi 220, liache lipate moto nusu saa. Sahani ya pai itakaa juu ya hilo sinia la moto, chini kutaanza kuiva mara moja. Kama una sahani ya bati au ya enameli ya zamani itumie, inapitisha joto haraka kuliko ya udongo. Ya kioo nayo ina faida yake, unaona chini kumeiva au bado.

Sukuma fungu kubwa liwe duara la unene wa milimita 3, unageuza robo kila ukisukuma mara mbili tatu ili lisigande mezani. Lizungushe kwenye mti wa kusukumia, lilaze kwenye sahani, lishushe pembeni likae lenyewe, usilivute, ukilivuta litasinyaa kwenye oveni. Nyunyiza chenga za mkate chini, zinanyonya maji yatakayoponyoka. Jaza epo, bonyeza kidogo kuziba mapengo, katikati kuwe na mlima manake zitashuka.

Sukuma fungu dogo. Lowesha ukingo wa chini kwa maji, funika, bana kwa uma kuzunguka, unga uliozidi ukate kwa kisu. Yale mabaki bibi alikuwa akikata majani ya kupamba juu, mie mara nyingi nanyunyizia mdalasini na sukari naoka pembeni kama biskuti, watoto wanazimaliza hata pai haijaiva. Chana matundu manne katikati kutoa mvuke, usipochana mvuke utajichania wenyewe, na pabaya.

Rudisha friji dakika 15, alafu paka yai lililopigwa na sukari kidogo juu.

Kuoka

Dakika 20 kwenye nyuzi 220, hapo unga unashika umbo kabla siagi haijatiririka. Shusha mpaka 180, endelea dakika 35 mpaka 40. Kingo zikianza kuwa nyeusi funika kwa foili kingo tu.

"Mpaka iive" maana yake nini sasa? Rangi peke yake inadanganya. Angalia matundu, mchuzi uwe unachemka na mapovu mazito yanayopasuka polepole, sio maji yanayorukaruka. Mapovu mazito ni dalili kwamba wanga umeiva katikati. Ingiza kisu kwenye tundu, kipite kwenye epo bila kugonga kitu kigumu. Rangi iwe kahawia ya kukolea, watu wengi wanaitoa ikiwa ya manjano kwa woga, na pai ya manjano chini yake ni mbichi.

Ukishaitoa, saa mbili usiikate. Najua nyumba nzima inanukia, najua. Ila mchuzi unashikana ukipoa, ukikata moto unamwagika wote na unabaki na maganda mawili ya unga. Ukitaka kuila ya moto ipoze kwanza kisha ipashe kipande kwa kipande kwenye oveni, maikrowevu inalainisha unga.

Waingereza wengi wanamwagia kastadi ya moto, Yorkshire wanaila na kipande cha jibini ya Wensleydale, nilidhani utani mpaka nikajaribu, ile chumvi na ule ukali vinaelewana haswa. Na chai ya tangawizi isiyo na sukari, mie hapo huniambii kitu.

Kwa walio nyumbani Afrika Mashariki

Huhitaji vuli ya Ulaya. Granny Smith zinazouzwa Dar na Nairobi nyingi zinatoka Afrika Kusini, na kule vuli ni mwezi wa tatu mpaka wa tano, kwahiyo mwezi wa nne wa tano ndo uko karibu na mavuno yao. Inabaki kipande, ikate nyembamba, limau robo tu. Ukitaka ule uji wa Bramley chemsha theluthi ya epo na maji kidogo mpaka zilainike, zipoze, uchanganye na mbichi.

Joto ndo adui. Unga, bakuli, mti wa kusukumia, vyote viingie friza, fanya kazi asubuhi na mapema. Margarini laini ya kopo haifai peke yake, ichanganye nusu kwa nusu na mafuta ya mgando kama Kimbo.

Unaoka kwa mkaa, moto juu na chini? Achana na unga wa chini. Fanya pai ya kifuniko tu, ambayo hata huku ni ya kawaida kabisa: epo kwenye bakuli lenye kina, unga juu peke yake, nusu ya vipimo vya unga. Mkaa mwingi juu ya mfuniko, kidogo chini, na chini ya bakuli weka vijiwe ili lisiguse sufuria. Hakuna wa kulowa chini, stresi zimeisha.

Kuhifadhi

Pai iliyooka inakaa siku 2 nje kama kuna baridi, friji siku 4 hivi, ila friji inalainisha unga kwahiyo ipashe oveni dakika 10 kabla ya kula. Mbichi iliyopangwa inaweza kuingia friza miezi 3, ifunge vizuri, oka ikiwa bado imeganda na uongeze dakika 15 mpaka 20.

Bramley zenyewe zikiwa nzima hazina kidonda zinakaa mpaka miezi ya baridi kuisha, zifunge moja moja kwenye gazeti, zipange zisigusane, mahali pa giza na baridi, na zikague kila wiki manake ule msemo wa samaki mmoja akioza wote wameoza, kwenye boksi la epo ni kweli tupu. Zenye vidonda usizihifadhi hivyo, menya, kata, zichovye kwenye maji ya limau, zitandaze kwenye sinia zigande kwanza ndo uzitie mfukoni, zisishikane. Siku ya kuoka zitupie sukari zikiwa bado na barafu, zichuje kama kawaida, na wanga ongeza nusu kijiko, epo iliyoganda inatoa maji mengi zaidi.